Siku nne Klaten, na daftari la jirani

Mwaka 2018 nilialikwa kutoa mada katika kongamano moja mjini Yogyakarta, kwenye kisiwa cha Java nchini Indonesia. Mada ilihusu utawala wa vijiji, jambo nililolifundisha kwa miaka mingi na ambalo, nakiri, nilidhani nalijua. Kongamano lilipokwisha, mhadhiri mmoja wa huko, ambaye kwa siku tatu tulikuwa tukibishana juu ya madaraka ya serikali za mitaa, aliniambia kwamba nimezungumza vya kutosha kuhusu vijiji na sasa nikakione kimoja. Akanichukua hadi kwa mama yake mzazi, katika wilaya ya Klaten, kati ya Yogyakarta na Surakarta, chini ya mlima Merapi. Nilikaa siku nne. Jina la kijiji sitalitaja, na msomaji ataiona sababu mbele ya safari.

Kwa Mtanzania, jambo la kwanza linalomshangaza Java ni ardhi, au tuseme uchache wake. Kisiwa kizima kina kilomita za mraba zipatazo 130,000, chini ya sehemu ya saba ya Tanzania, na watu wake ni zaidi ya mara mbili ya watu wetu. Hakuna pori. Kijiji kinaishia pale majaruba ya mpunga yanapoanza, na majaruba yanaishia pale kijiji kingine kinapoanza. Mkulima wa kawaida analima chini ya nusu hekta. Mama wa mwenzangu alinionesha shamba lake, nikadhani ananionesha bustani ya mboga, nikauliza shamba liko wapi. Alicheka hadi akashika mbavu, na nadhani habari hiyo bado inasimuliwa.

Lakini nusu hekta ile ina maji. Mvua inayonyesha kwenye miteremko ya Merapi huzama katika majivu na mawe ya volkano, kisha hutokeza chini, Klaten, kama chemchemi baridi zisizokauka. Kwa sababu hiyo wanavuna mpunga mara mbili, hata mara tatu kwa mwaka. Mlima huohuo unaowapa maji huwaua pia: mlipuko wa mwaka 2010 uliondoa uhai wa watu zaidi ya 350 katika eneo lile, na miaka minne kabla yake, Mei 2006, tetemeko la ardhi lilikuwa limeua zaidi ya watu 5,700, wengi wao wa Bantul na Klaten. Nyumba niliyolala ilijengwa upya baada ya tetemeko hilo.

Kuhusu lugha niliona ajabu ya kupendeza. Nilisalimiwa kwa "apa kabar", na nikaisikia habari ndani yake kabla sijafasiriwa. Wakati wao ni waktu, karatasi ni kertas, kamusi ni kamus, hakimu ni hakim. Wakikaa kikao wanasema wanatafuta mufakat, nasi tunasema muafaka. Bahari ya Hindi imezungusha maneno ya Waarabu kwenye fukwe zake zote bila kuomba kibali cha wizara yoyote. Nyumbani hasa wanazungumza Kijava, lugha ambayo maneno yake hubadilika kutegemea unazungumza na nani. Kijana akimsemesha mzee, karibu kila neno ni jingine. Nilipowaeleza shikamoo, mama yule aliridhika. Akasema angalau tumelelewa.

Asubuhi ya pili tulikwenda ofisi ya kijiji, na hapo nilikutana na kitu nilichokuwa nimekisoma tu. Mbele ya ofisi palikuwa na bango kubwa la plastiki, ukubwa wa yale yanayotangaza wagombea wakati wa uchaguzi, likiwa na picha ya mkuu wa kijiji na chini yake mapato na matumizi ya mwaka mzima: fedha kutoka serikali kuu, mfereji wa mtaa fulani, mshahara wa fulani, bakaa. Mtoto wa shule anaweza kulisoma akipita na baiskeli.

Msingi wa bango hilo ni Sheria ya Vijiji ya mwaka 2014. Sheria hiyo ilitambua kijiji kuwa chombo chenye haki zake, na kuanzia 2015 fedha za bajeti ya taifa zimetengwa kwa ajili ya kila kijiji, vijiji takriban 75,000. Mwaka niliofika, wastani ulikuwa kama rupia milioni 800 kwa kijiji, ambazo kwa fedha yetu ya wakati ule zilizidi shilingi milioni mia moja. Wenzangu mnaofanya kazi katika halmashauri mnajua ni vijiji vingapi vya kwetu vimewahi kuona kiasi hicho kwa mkupuo. Ile asilimia 20 ya kurejeshwa vijijini tunayoisikia kila mwaka, wengi wetu tumeisikia tu.

Sikutaka kushawishika haraka, maana bango si ukaguzi. Wakuu wa vijiji wa Indonesia wamefikishwa mahakamani kwa wizi wa fedha hizohizo, na mwenzangu alinitajia mifano bila kuulizwa. Hata hivyo alinipeleka Ponggok, kijiji cha jirani ambacho jina lake linafahamika nchi nzima. Ponggok wana chemchemi iliyogeuka bwawa la kuogelea, maji maangavu hadi mchanga wa chini unaonekana, na kampuni ya kijiji, iliyoanzishwa 2009, inatoza kiingilio. Vijana wanalipa ili wapigwe picha chini ya maji wakiwa wameketi juu ya pikipiki halisi, samaki wakipita mbele ya taa. Niliona upuuzi mtupu, hadi nilipoelezwa kwamba faida inasaidia, pamoja na mengine, wanafunzi wa kijiji walioko vyuo vikuu. Kijiji hicho zamani kilikuwa maskini. Nilijaza kurasa sita za daftari langu siku hiyo, na kichwani nilikuwa nimekwisha kuandika makala ya kuisifu Java. Ingekuwa makala nyepesi kuandika, nayo ingewafurahisha watu.

Usiku wa tatu niliomba kufuatana na walinzi wa zamu. Kila mtaa una kundi la nyumba kadhaa linaloitwa rukun tetangga, yaani umoja wa majirani, na mwenyekiti wake. Mfumo huo uliletwa na Wajapani mwaka 1944 walipoikalia Java wakati wa vita. Wajapani wakaondoka, mfumo ukabaki. Unafanana mno na mabalozi wetu wa nyumba kumi, ingawa chimbuko ni tofauti. Umoja huo ndio unaopanga maziko, upatu wa akina mama, usafi wa mifereji, na zamu ya usiku. Wanaume watano au sita huzunguka na kipande cha mti kilichochimbwa tundu, wakikigonga. Nje ya kila nyumba kuna kikopo kidogo kimetundikwa ukutani. Zamani mwenye nyumba alitia konzi ya mchele, siku hizi sarafu. Walinzi huikusanya, na mmoja huandika katika daftari nani katoa. Fedha ni kidogo, lakini kikopo kikiwa kitupu siku mbili, mtu huingia kuuliza kama kuna mgonjwa. Nililipenda jambo hili kuliko bango.

Tuliporudi kwenye kibanda cha walinzi tulimkuta mzee mmoja, ambaye kwa umri wake alikwisha kusamehewa zamu lakini huja kwa ajili ya chai na mazungumzo. Wote walimwita Mbah, yaani babu. Wengine walipokwenda mzunguko wa pili, alilichukua daftari, akaligeuza mikononi, akamwambia mwenzangu kitu kwa sauti ya chini. Mwenzangu alikaa kimya kidogo kabla ya kunifasiria.

Mzee alisema kwamba hata wakati ule kulikuwa na daftari.

Hapa inanibidi niwarudishe wanafunzi wangu nyuma. Mwaka 1960 Indonesia ilipitisha sheria za kugawa upya ardhi na kuweka haki katika kilimo cha nusu kwa nusu. Utekelezaji ulisuasua, kwa sababu waliotakiwa kuzitekeleza ndio waliokuwa na ardhi. Mwaka 1964 wakulima wa umoja uliokuwa karibu na Chama cha Kikomunisti wakaanza kuchukua mashamba wenyewe, na Klaten ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza. Mwaka uliofuata, baada ya majenerali kuuawa Jakarta usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba, jeshi lilikilaumu chama hicho na kuanza kukifuta. Makomando walifika Java ya Kati mwezi huohuo. Nchi nzima, kwa makadirio yanayokubaliwa na wengi, waliuawa watu wasiopungua nusu milioni katika miezi michache. Walionusurika na kufungwa walitoka na alama kwenye vitambulisho vyao, na watoto wao walizuiwa kazi za serikali. Kisha zikafuata zaidi ya miongo mitatu ya Suharto, ambapo vyama vya siasa havikuruhusiwa hata kufungua matawi vijijini. Kijiji kilitakiwa kulima na kunyamaza.

Kaka wa Mbah alikuwa amepata kipande cha shamba mwaka 1964. Mwaka 1965 wanajeshi walifika wakiwa na majina, nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio uleule wa mtaa. Hakuna mgeni kutoka mjini angeweza kuyajua majina yale. Mzee alisema aliyeyaandika alikuwa jirani aliyekuwa na mwandiko mzuri. Huenda aliogopa, akasema, kwa kuwa asiyetoa majina alitoa lake. Kaka yake alichukuliwa na hajulikani alipozikwa. Shamba lilirudi lilikotoka.

Kisha akaongeza kwamba mjukuu wa jirani yule alikuwa ndiye kijana aliyenimiminia chai jioni ile. Nikauliza kama kijana anajua. Mzee akajibu kuwa hajui kama anajua. Yeye, kila usiku, anatia sarafu yake kikoponi, na kijana anaandika jina lake katika daftari.

Walinzi waliporudi alibadilisha mazungumzo yakawa ya bei ya mbolea.

Nilirudi Tanzania na makala ile sikuiandika. Niliwaambia wenzangu kwamba sina muda. Ukweli ni kwamba maneno ya mzee yalikuwa yamegusa jambo la nyumbani kwetu. Mwaka 1974, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi katika kijiji kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Nilizaliwa miaka minne baadaye, katika kijiji kipya, na nilikulia nikiamini kwamba watu walihama kwa kuitikia wito. Nilikuwa mtu mzima, tayari nina shahada ya pili, nilipoambiwa na mama mmoja msibani kwamba nyumba zao zilichomwa moto ili wasirudi, na kwamba aliyetangulia na kijinga cha moto ni baba yangu. Aliniambia bila hasira, akinikabidhi sahani ya wali. Sikuthubutu kumuuliza baba. Nimefundisha mada ya ujamaa vijijini kila mwaka tangu hapo, pamoja na mafanikio yake ya shule na zahanati, ambayo ni ya kweli, na kila mwaka nimefika kwenye ukurasa wa operesheni nikapita haraka.

Sisemi kwamba mambo haya mawili ni sawa. Huku kwetu watu walipoteza nyumba na mashamba, na wengine uhai, lakini hatukuwa na mauaji ya nusu milioni, na mtu anayeyalinganisha kwa wepesi atakuwa anawakosea waliokufa Java. Ninachokiona kinafanana ni kidogo zaidi: serikali, iwe na nia njema au mbaya, haiufikii mlango wa mtu bila jirani anayeujua mlango huo. Na jirani huyo hubaki akiishi palepale.

Januari 2023 Rais Joko Widodo, mwenyeji wa Surakarta, mji wa jirani na Klaten, alikiri hadharani kwamba mauaji ya 1965 na 1966 yalikuwa uvunjaji mkubwa wa haki za binadamu, na akaeleza masikitiko yake. Hakuomba radhi rasmi, na jamaa za waliouawa walilisema hilo. Nilimwandikia mwenzangu kumuuliza Mbah ameipokeaje habari. Akanijibu kwamba Mbah alifariki mwaka mmoja kabla, na kijana wa chai alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi.

Pasaka ya mwaka huu nilikwenda nyumbani, nikasubiri hadi wageni wameondoka, nikamuuliza baba. Aliuliza kwanza ni nani aliyeniambia. Nilipokataa kumtaja, alikaa muda mrefu, kisha akaanza kuzitaja nyumba, moja baada ya nyingine, kwa kufuata njia iliyokuwa ikitoka kisimani kwenda mlimani, na majina ya wenye nyumba, wake zao, na nani alikuwa na mtoto mchanga siku ile. Alitaja tisa. Nilimwambia zilikuwa kumi. Akasema ya kumi ni ya babu yangu, ndiyo aliyoanza nayo, ili watu wasimlaumu. "Walinilaumu hivyohivyo," alisema, na akaniomba nimletee redio.

Katika familia hizo tisa, tano bado ziko kijijini, pamoja na ya yule mama wa msibani. Nimemwambia baba nitakwenda kuwaona, na kwamba ningependa twende wote. Hajakubali, hajakataa. Amesema tusubiri watu wamalize kuvuna.