Bunduki ya babu na nguruwe waliokuwa wakimponyoka

Najua nimepotea. Msiba ulitukuta, babu mzaa baba alitutoka na tukamzika kijijini kule Mbozi. Matanga yakaisha, watu wakatawanyika, kikabaki kiporo kimoja ambacho ukoo mzima ulikuwa unakizunguka bila kukigusa: ile bunduki yake.

Kwa wasiojua mambo haya, bunduki hairithiwi kama ng'ombe au shamba. Leseni ni ya mtu, siyo ya ukoo. Mwenye leseni akifariki, silaha inakwenda polisi, na anayeitaka aombe upya kwa jina lake, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Babu alikuwa mtu wa taratibu. Ulipokuja uhakiki wa silaha mwaka 2016 aliamka alfajiri, akaizungushia kanga ya bibi, akaipeleka. Kwa hiyo na sisi, wiki ile ile ya mazishi, tuliikabidhi kituoni pamoja na boksi la risasi zilizobaki. Ubishi ndiyo ukaanza hapo.

Baba mdogo anaitaka. Ana mahindi yake, na nguruwe pori wanamtia umaskini kila msimu. Isitoshe kuna kijana alimwambia kwamba bunduki kuukuu za Kiingereza zinauzwa mamilioni huko Ulaya. Mama hataki hata kuisikia. Na mimi? Niseme ukweli wangu, nami nilikuwa naitaka. Siyo ya kupigia, jamani, ya kutundika ukutani. Nimekua nikiitazama ile bunduki kama wenzangu walivyotazama gari.

Tukakubaliana atafutwe mtu anayejua, aikague, halafu tuamue. Akapatikana mzee mmoja, askari wa wanyamapori mstaafu, rafiki wa marehemu. Nikatoka Tunduma asubuhi, nikapishana na ile foleni ya malori ya kwenda Zambia na Kongo mnayoijua, nikawakuta yeye na baba mdogo kituoni. Afande akaitoa ghalani, akaikunja kuonyesha haina kitu ndani, akailaza mezani. Hakuondoka pale hadi tulipomaliza.

Mzee hakuishika mara moja. Aliitazama kwanza. Ni bunduki ya marisau, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, geji 12. Akapima mitutu kwa futi ya fundi cherehani: inchi 30. Akainua, akaiweka begani akilenga ukuta, akatabasamu.

"Baba, hii haikutengenezwa kwa ajili ya nguruwe," akasema. "Hii ni ya njiwa."

Sote tukakodoa macho. Akaeleza, na jioni nami nikachimba zaidi. Zamani Waingereza walikuwa wanafungia njiwa kwenye visanduku, kamba inavutwa, njiwa anaruka, mtu anafyatua, na pesa za kamari zinabadili mikono. Hata kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1900 walipigwa njiwa hai. Uingereza ilipiga marufuku mchezo huo mwaka 1921, lakini tayari tangu miaka ya 1880 kulikuwa na visahani vya udongo vinavyorushwa na mashine. Visahani ndivyo vilivyobaki, na mchezo upo mpaka leo. Bunduki zake zina sura yao: nzito, mitutu mirefu, midomo ya mitutu imebanwa ili marisau yaende mbali bila kutawanyika. Na kitako kimenyooka, kiko juu. Kwa nini? Kwa sababu njiwa anapaa. Jicho linakaa juu kidogo ya mtutu, na marisau yanakwenda juu kidogo ya pale unapolenga.

Ilifikaje Mbozi? Babu alikuwa nyapara kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Mzungu alipoondoka miaka ya sitini, babu akaibaki nayo, kwa kibali.

Basi mzee akaanza ukaguzi wenyewe. Nambari za kwenye mitutu na za kwenye mashine zinalingana. Baba mdogo akachangamka. Akaifungua vipande, akaitundika mitutu kwenye kidole, akaigonga kwa ukucha. Mitutu mizima hulia kama kengele. Hii ililia kama sufuria lenye ufa. Akanielekeza nichungulie ndani kuelekea dirishani. Niliona vishimo vya kutu mstari mzima. Kisha akaniambia nipitishe vidole juu ya mtutu wa kushoto taratibu. Kuna mahali umevimba. Kwa macho huoni, kidole ndicho kinachojua. Na ni pale pale ambapo mkono wa kushoto wa mpigaji unashika.

Akairudishia, akaifunga, akapenyeza kipande cha karatasi kati ya mitutu na mashine. Karatasi ikapita.

Kilichoniuma zaidi ni chuma chenyewe. Kinaitwa Damascus: vipande vya chuma vya aina mbili vinasokotwa kama mtu anavyosuka nywele, vinazungushwa na kufuliwa hadi viwe bomba, na juu yake yanabaki maua kama ya mbao nzuri. Sisi hatukuwahi kuyaona. Kila mwaka kabla ya mvua babu alikuwa anakaa barazani na msasa na mafuta, anaing'arisha. Maua yamebaki sehemu moja tu, chini ya ubao wa mbele, ambako msasa haukufika. Wakusanyaji hulipia maua hayo. Mapenzi yote yale ya babu, kumbe alikuwa anafuta thamani yake kwa mikono yake mwenyewe.

Mwisho akageuza mitutu tumboni. Kuna alama za kiwanda cha majaribio cha Birmingham, taji na herufi BP na BV. "Natafuta NP," akasema. Haikuwepo. Maana yake ilijaribiwa kwa baruti nyeusi ya zamani, ile ya magobore, siyo kwa baruti ya leo isiyo na moshi. Akamwomba afande lile boksi la risasi. Milimita 70, za kisasa. Chemba ya bunduki ni ya milimita 65.

Hakuna aliyesema kitu. Babu alizipiga hizo kwa miaka, shavu likiwa limelala pale pale juu.

"Ukiomba leseni utapewa au hutapewa, hilo ni la wakubwa," mzee akamwambia baba mdogo. "Ila siku moja atakayekufa shambani siyo nguruwe."

Baba mdogo aliinama muda mrefu. Kisha akamwomba afande karatasi, tuandike kwamba familia haiombi kurudishiwa. Mimi nikajaribu kuulizia habari ya kutundika ukutani. Afande aliniangalia tu. Nikanyamaza.

Jioni nikapitia kwa bibi. Pale kijijini babu alikuwa na utani uliomfuata hadi kaburini: ana bunduki ya mzungu lakini nguruwe wanapita chini ya risasi zake. Hata kwenye msiba watu walicheka kwa hilo. Nikamweleza bibi kwamba bunduki ndiyo ilikuwa inapiga juu, ilitengenezwa kwa kitu kinachopaa, na nguruwe hapai.

Bibi wala hakushangaa.

"Kwa manati hakuwahi kukosa," akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Wadau, kama kwenu kuna chuma cha namna hii kimelala juu ya kabati na mwenyewe hayupo, kipelekeni kituoni. Na kabla hamjamcheka marehemu kwa kukosa shabaha, ulizeni kwanza alikuwa ameshika nini.

Alamsiki.