Busiu: Mwendo wa Mgonjwa Si Gwaride

Atokaye Mbale kuelekea Tororo huupita mji mdogo wa Busiu, katika nchi ya Wagisu. Akigeuka nyuma huuona ukuta wa Wanale, ubavu wa Mlima Elgon, ambao kilele chake hufikia mita 4,321. Lakini mgonjwa hana haja ya kupanda mlima. Vijia vya kando, kati ya migomba, vyamtosha.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa hata mwenye shinikizo la damu, kisukari au virusi vya UKIMWI, hali yake ikiruhusu, aushughulishe mwili kwa kadiri, kama kutembea kwa hima, dakika 150 hadi 300 kila juma.

Mbona kwa kundi? Mficha maradhi kilio humfichua. Chama cha TASO, kilichoanzishwa 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, kiliwakusanya waliojificha kwa aibu. Leo kina kituo Mbale.

Katika gwaride askari hufuata amri. Hapa aliye dhaifu kuliko wote ndiye aongozaye mwendo. Muulizeni daktari kwanza. Ondokeni asubuhi, mwende mkiweza kuzungumza. Mwenye kisukari avae viatu vya kufunika vidole, achukue na sukari kidogo. Aumwaye kifua asimame, apelekwe hospitali mara moja.

Basi, mama wa kambini, yule jirani asiyetoka nje tangu apimwe, mbishie hodi kesho.