Meza kwa meza: kutoka Base Camp mpaka Mbarara

Mwezi huu tulishika njia kutafuta jibu la swali ambalo akina mama wengi wametuuliza: mbona taa za sola na simu zinakufa haraka hivi manyumbani mwetu? Simu ndiyo inatuletea sauti za ndugu tulioachana nao, na taa ndiyo mtoto anasomea usiku. Kikifa kimoja, hesabu yote ya mwezi inavurugika. Wengine tunalaumu watoto, wengine tunalaumu fundi. Safari hii tulienda kwa wauzaji wenyewe.

Tulianzia sokoni Base Camp. Nakivale imepokea wakimbizi kwa zaidi ya miaka 60, na soko linaonyesha historia hiyo: Mkongomani, Msomali, Mrundi na Mnyarwanda, kila mtu na meza yake. Meza ya kwanza ilikuwa ya kijana anayeuza simu ndogo za vitufe, redio na tochi. Vitu vilipangwa vizuri, lakini juani kabisa. Tulishika simu moja, tukakuta ina moto kama chungu kilichotoka jikoni. Imekaa hapo muda gani? Akacheka: "Hiyo? Toka mwaka jana, wazee."

Somo la kwanza tulilipata hapo hapo. Betri ya simu, na ya taa nyingi za siku hizi, ni ya lithiamu. Haipendi joto, na haipendi kukaa tupu. Ikikaa miezi mingi dukani bila chaji inaharibika ndani, na wewe unaibeba nyumbani ikiwa mpya kwa sura lakini mzee kwa nguvu. Betri ya simu kwa kawaida inavumilia kujazwa kutoka sifuri mara 300 hadi 500 kabla nguvu yake haijapungua sana. Nyingine zimeshapoteza sehemu ya maisha yao pale mezani, kabla hujatoa hata shilingi.

Hatua chache mbele tulimkuta mama mmoja wa Uvira. Meza yake ina turubai juu, na kila mwisho wa mwezi anatoa bidhaa zake zote, anazichaji mpaka nusu, anazirudisha sandukuni. Hakusomea kazi hiyo. "Niliona wateja wanarudi na matusi," alituambia, "nikamuuliza fundi." Fundi mwenyewe anakaa ubavuni mwake, na bisibisi zake, chuma cha kulehemu na kopo la spiriti. Mteja akinunua, fundi anajaribu pale pale chaja, spika na tundu la chaji. Mteja akirudi baada ya miezi, anamkuta fundi yule yule. Mama anasema meza hizo mbili zinalishana, na sisi tumeamini.

Fundi huyo alitumwagia gunia la taa za sola zilizokufa. Tulidhani ni takataka. Akaokota moja, akaifungua, akatuonyesha. Kioo cha sola kinaweza kutoa umeme miaka 20 na zaidi. Balbu ndogo za LED zinawaka maelfu ya saa. Kinachokufa kwanza mara nyingi ni betri, au swichi, au waya uliokatika. Basi familia inatupa mwili mzima kwa ajili ya kiungo kimoja! Taa zilizofungwa kwa skrubu alizifungua kwa dakika moja. Zile zilizobandikwa kwa gundi ilibidi azivunje. Akatoa na betri ya BL-5C, ile ya Nokia za zamani, ambayo inatumika pia katika redio ndogo nyingi. Inapatikana mahali pengi na unaitoa kwa kidole tu, kwa hiyo redio ya namna hiyo haifi kirahisi.

Kesho yake tulipanda teksi kwenda Mbarara. Vumbi kwanza, halafu migomba ya Isingiro, malori ya matoke, ng'ombe wa Ankole na pembe zao ndefu, mwisho mji na mto wake Rwizi. Katika duka la kwanza tuliuliza kama taa ina garanti. "Ipo." Imeandikwa wapi? "Ukirudi utatukuta." Tukaaga. Duka la pili waliandika kwenye risiti tarehe, namba ya taa na garanti ya mwaka 1, wakapiga muhuri. Nyuma yao rafu nzima ilikuwa ya spea: betri, waya, swichi. Tena ukileta taa iliyokufa wanakupunguzia bei ya mpya, na ile ya zamani wanatoa ndani yake vipande vinavyofaa.

Lakini hapa ndipo penye tatizo letu. Garanti ya Mbarara inamsaidia nini mama wa Nakivale, kama nauli ya kwenda na kurudi inashinda bei ya betri? Tulimweleza mwenye duka. Alikubali kwamba anaweza kuacha spea kwa muuzaji mmoja wa kambini na kupokea taa mbovu kupitia kwake, kama wateja watakuja na risiti. Wenye meza, mlango uko wazi, mmoja wenu auingie.

Wenzetu wa mbali nao wanaamka. Mwaka 2021 Ufaransa ilianza kulazimisha maduka kuonyesha, kwa alama kutoka 0 hadi 10, kama simu au kompyuta inatengenezeka kirahisi. Umoja wa Ulaya nao umeamua kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo vingi lazima mwenye kifaa aweze kuzitoa mwenyewe. Si bure. Mwaka 2022 dunia ilitoa takataka za umeme tani milioni 62, na chini ya robo ndiyo ilijulikana kuwa imekusanywa na kurejelezwa vizuri. Na tusisahau sisi tunaotoka Kongo: kobalti ya Kolwezi na koltani ya Rubaya zimo ndani ya simu za dunia. Simu ikitupwa shimoni baada ya miezi sita, huenda ni jasho la ndugu yetu limetupwa.

Kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji haya:
1. Kitu hiki kimekaa dukani muda gani, na kilichajiwa lini?
2. Naomba tukijaribu hapa hapa.
3. Kinafunguka kwa skrubu au kimebandikwa kwa gundi?
4. Betri yake ya kubadilisha unayo?
5. Garanti utaiandika kwenye risiti?
6. Kikifa, utakipokea?

Nyumbani, usiache simu juani wala usiiweke muda mrefu ikiwa tupu. Betri mbovu usichome motoni wala usitupe chooni. Ifunge mfukoni, mbali na watoto, umpelekee fundi.

Wauzaji wa Rubondo na Juru, kwenu bado hatujafika. Mwezi ujao tunakuja na maswali haya sita. Mtuandalie majibu, na kivuli juu ya meza.