Foleni ya Mizani

Ukarani wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa ndio ulionilea na kunisomeshea watoto, hapa Rugera. Nilianza enzi za leja ngumu na karatasi ya kaboni, nikaondoka simu zikiwa zimeshaingia kwenye malipo. Chama chetu, kama vingi vya Karagwe na Kyerwa, kilikuwa kikipeleka kahawa KDCU, chama kikuu kilichoanzishwa mwaka 1990, wilaya ikiwa bado moja. Kyerwa ilipopata wilaya yake mwaka 2012, ofisi za serikali ziligawanyika, kahawa ikaendelea kupita njia ileile. Watu hudhani karani anashinda akiandika. Mimi nilishinda nikiwatazama watu wakisubiri, na sehemu kubwa ya nilichojifunza kazini nilijifunza hapo.

Msimu wa robusta ukishachanganya, kahawa ya maganda humiminika kwa baiskeli, kwa toroli, kwa bodaboda. Mkulima alidamka, akapanga magunia yake kwenye foleni na kungoja mizani. Zamu yake ilipofika, jua limeshapinda, ndipo mkaguzi alipochota konzi moja na kuitikisa karibu na sikio. Kahawa iliyokauka hulia, punje zinagonga ganda kwa ndani. Isiyokauka iko kimya. Ikiwa kimya, mwenyewe aliambiwa airudishe nyumbani akaianike upya.

Mama mmoja mtu mzima alinitazama, wala hakugomba. “Karani mwanangu, ungeniambia asubuhi, saa hizi ingekuwa imekauka.”

Hakukuwa na mzembe pale. Mkaguzi alikagua, mpimaji alipima, mimi niliandika. Kila mtu alikuwa mahali pake, ila mahali penyewe palipangwa vibaya. Tukahamishia ukaguzi getini, kabla ya foleni, na kando yake tukatandika maturubai ili mwenye kahawa mbichi aanike papo hapo. Hatukuajiri mtu wala kuomba fedha kwa yeyote. Mizani ikawa inafungwa mchana badala ya kufungwa kwa taa ya chemli.

Baadaye nilimpeleka mgonjwa hospitalini nikakuta ukutani maneno matano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ni utaratibu wa viwanda vya Japani ambao Wizara ya Afya iliuingiza katika hospitali zetu, ukianzia Mbeya mwaka 2007. Niliyanakili nyuma ya kadi ya kliniki. Ghala letu lilihitaji hasa lile la kwanza, la kutoa kisichohitajika: magunia yaliyotoboka, mitego ya panya iliyoliwa na kutu, mizani mbovu ambayo hakuna aliyethubutu kuitupa kwa kuwa imo kwenye daftari la mali. Kusasambua kulichukua asubuhi moja. Kushikilia ndiko kunakowashinda watu, na hapo semina haisaidii. Anasaidia mtu anayepita kila Jumatatu na kutazama.

Shida iliyonikera zaidi ilikuwa lori. Lilikuja, likalala, na chama kikadaiwa gharama ya kulilaza. Kule Toyota, Taiichi Ohno aliwazoeza watu wake kuuliza “kwa nini” mara tano kabla ya kumlaumu mtu. Nikajaribu kwa wapagazi wetu, tumeketi juu ya magunia. Kwa nini lori limelala? Mzigo haujashonwa. Kwa nini? Magunia matupu yamefungiwa ghalani. Kwa nini? Mwenye ufunguo yuko shambani. Kwa nini? Hakujua kama lori linakuja leo. Kwa nini hakujua? Ujumbe hupelekwa kwa mwenyekiti, naye hukaa nao. Tulikuwa tumejiandaa kumkata posho mtunza ghala, kumbe kilichokosekana ni ubao na chaki.

Tukautundika ubao, na ndio uliotujengea baadaye sakafu ya saruji ya kuanikia kahawa. Mkutano mkuu ulipopitisha ujenzi, nilichora kazi upande wa kushoto na wiki kwa juu, kila kazi na mstari wake, kama alivyofanya mhandisi Mmarekani Henry Gantt zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kazi kubwa ilikuwa kujua kipi kinasubiri kipi. Mchanga na kokoto vilitakiwa vifike kabla ya mvua za Machi kuharibu barabara. Saruji ilikuja mwisho, maana ikikaa kwenye unyevu inaganda mifukoni. Zege likishamwagwa linamwagiliwa maji kwa siku 7 angalau. Tulihesabu kurudi nyuma kutoka Mei, na fundi akalipwa kwa hatua iliyokamilika, si kwa mwezi uliokwisha.

Mbele ya kila kazi niliandika jina la mtu mmoja. Kazi iliyoandikwa “kamati” haina mwenyewe. Mjumbe mmoja alinilalamikia kwamba ubao unamwanika mbele ya wanachama. Nikamjibu kwamba kokoto zake zikifika nitalifuta jina lake kwa mkono wangu. Zilifika wiki iliyofuata.

Mwaka 2018 serikali ilipoagiza kahawa yote ikusanywe kupitia vyama vya ushirika, mzigo uliozoea kwenda kwa wanunuzi binafsi ukaja kwetu kwa mkupuo. Foleni ilirefuka, lakini kahawa mbichi haikufika kwenye mizani tena.

Ewe katibu wa chama unayesoma haya kabla ya msimu, kabla hujaandika barua ya kuomba mafunzo, kaa na wapagazi wako uwaulize wanachosubiri. Waulize mwenyewe, mwenyekiti akiwa hayupo.