Tumbo la Kubebea

Vijana wengi huanza kunyanyua vyuma wakiwa na picha moja kichwani: tumbo lililogawanyika vipande sita, shati limevuliwa, simu iko tayari. Hulala chali wakapiga sitapu mpaka shingo ziume, halafu wanakwenda kwenye chuma kizito na mgongo unawapinda. Wanashangaa. Mbona tumbo wamelifanyia kazi? Wamelifanyia kweli, ila kazi waliyolifundisha siyo ile litakayoitiwa mzigo ukiwa mabegani.

Wanasayansi waliwahi kupima maabara uti wa mgongo wa marehemu uliovuliwa misuli yote, ukabaki mifupa, diski na kano zake. Sehemu ya kiuno ilipinda na kukosa uthabiti chini ya mzigo wa takriban newtoni 90, yaani kama kilo 9. Sasa mtazame mama anayetoka bombani na ndoo ya lita 20 kichwani, anatembea huku anaongea na mwenzake. Mifupa peke yake isingeifikisha ndoo ile nyumbani. Kinachomsimamisha ni misuli iliyozunguka kiwiliwili: ya tumbo mbele, ya mbavuni pembeni, ya mgongo nyuma, diaframu kwa juu na ile ya sakafu ya nyonga kwa chini. Yote inakaza kwa pamoja, kila mmoja kwa kadiri yake, na uti unapata mahali pa kuegemea kila upande.

Mtu anapochuchumaa na chuma au kukiinua kutoka sakafuni, nguvu ya kukisogeza inatoka miguuni na kwenye nyonga. Kiwiliwili kinaipitisha tu mpaka kwenye chuma. Kikilegea njiani, nguvu inaishia hapo, na kiuno ndicho kinacholipa. Kwa hiyo tumbo la mnyanyuaji lina kazi ngumu isiyoonekana: kukataa kusogea wakati kila kitu kingine kinasogea.

Katika gym yetu ya uswahilini, vyuma vya kununua ni vichache. Vingi ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, yakachomekwa bomba katikati. Mwalimu wetu naye si mtu wa hotuba. Kijana mgeni akitaka kuingia chini ya chuma, mwalimu humwekea vidole viwili ubavuni, juu kidogo ya nyonga.

"Dogo, vuta pumzi. Sukuma vidole vyangu."

Mara ya kwanza ni hivyo hivyo kwa karibu wote. Kifua kinapanda, mabega yanapanda, vidole vya mwalimu vinabaki palepale.

"Hiyo ya kupigia picha," anasema. "Sasa nipe ya kubebea."

Kijana anacheka, anavuta tena, safari hii polepole mpaka chini. Kiuno kinatanuka mbele, pembeni na nyuma, vidole vinasukumwa nje. Hapo mwalimu anasogea pembeni na kumruhusu abebe.

Nimeliangalia zoezi hilo dogo mara nyingi, na kila nikiliangalia naona lina utaratibu ambao maisha pia yanautaka. Pumzi inavutwa kabla. Ukishashuka chini na mzigo huku umelegea, hupati tena nafasi ya kujipanga. Unachofanya pale ni kuomba Mungu. Ndivyo ilivyo kwa ada za Januari. Mzazi aliyeanza kuweka kidogo kidogo tangu Julai na yule aliyeamka Januari yenyewe wanabeba ada ileile, lakini mmoja wao anabebea mgongo.

Halafu kuna mkanda. Watu huuona kiunoni mwa wanyanyuaji wakadhani ndio unaobeba. Mkanda haubebi kitu. Unalipatia tumbo kitu cha kusukuma, na tumbo likiusukuma, shinikizo la ndani linaongezeka na kiwiliwili kinakuwa kigumu zaidi. Mwenye tumbo lisilosukuma anaweza kuufunga hadi tundu la mwisho na asipate faida. Misaada mingi ya duniani iko hivyo. Mtaji wa kuazima, shemeji mwenye cheo, fundi mkuu aliyekubali kukufundisha: vyote vinamfaa anayesukuma kutoka ndani. Anayevitegemea vimbebe huishia kuvilaumu.

Anayedhani nguvu ya kiwiliwili lazima ionekane kwenye kioo amkumbuke Vasily Alekseyev wa Umoja wa Kisovieti. Alikuwa na tumbo kubwa la mbele, la mtu ambaye ungemwona kituo cha basi usingemdhania mwanamichezo. Mwaka 1970 akawa mtu wa kwanza kufikisha jumla ya kilo 600 kwa mitindo mitatu ya kunyanyua. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki Munich mwaka 1972 na Montreal mwaka 1976, na kwa jumla aliweka rekodi 80 za dunia. Kati ya Olimpiki hizo mbili mtindo mmoja ulifutwa, ule wa kusukuma chuma kutoka mabegani hadi juu ya kichwa bila kukunja magoti. Wanyanyuaji walikuwa wakijipinda nyuma kiasi kwamba waamuzi walishindwa kukubaliana nani amesukuma kihalali. Mzigo ukizidi, mwili hutafuta upenyo, na mara nyingi huupata kiunoni.

Mazoezi ya kujenga kiwiliwili cha namna hii hayana mbwembwe. Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada aliyetumia miaka mingi kuuchunguza uti wa mgongo, anajulikana kwa matatu. La kwanza, unalala chali, goti moja limekunjwa, mikono chini ya kiuno, unainua kichwa na mabega kidogo tu bila kuukunja mgongo. La pili, unalala ubavu na kujiinua kwa kiwiko. La tatu, unapiga magoti na kushika chini, kisha unanyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili. Kila mkao unashikiliwa kama sekunde 10, unapumzika, unarudia. Sisi tunaongeza la kwetu: kubeba kopo la zege kwa mkono mmoja na kutembea nalo bila kuinamia upande wowote. Jaribu, utaona ubavu usio na mzigo ndio unaowaka moto.

Hakuna anayerekodi video ya mtu aliyetulia sekunde 10. Ndiyo maana mazoezi haya yanaachwa. Lakini mfikirie mama anayeshika ufunguo wa sanduku la kikoba. Wengine wanakopa, wanafungua biashara, wanapiga hatua, wanapigiwa vigelegele. Yeye kazi yake ni kwamba akiombwa "nifungulie tu kidogo, nitarudisha kesho," hafungui. Hasogei, na kwa kuwa hasogei, wenzake wanasogea.

Sifa hiyo ya kutosogea ina hatari yake, na hapa wanaopenda kusifu uvumilivu hunyamaza. Kubana pumzi chini ya mzigo hupandisha shinikizo la damu ghafla, ndiyo maana mwenye presha anatakiwa amwone daktari kabla ya kujaribu. Hata mwenye afya njema anaibana kwa mnyanyuo mmoja, anaiachia, anavuta nyingine. Mwalimu huwakemea kwa ukali uleule wanaolegea chini ya chuma na wanaoendelea kujikaza wakiwa wamekaa benchi. Kukaza ni ustadi, na nusu ya ustadi huo ni kujua kuachia.

Tunao watu wengi walioikosa nusu hiyo. Dada mkubwa aliyelea wadogo zake na hadi leo kila simu ya shida inaanzia kwake. Baba aliyejikaza kwenye msiba mpaka mtu wa mwisho akaondoka matangani, kisha hakujua namna ya kulia. Tunawaita imara, tunawaongezea mzigo kwa sababu hatujawaona wakiyumba. Kama kwenu yupo mtu wa namna hiyo, usiishie kumshukuru. Shika jambo moja analolibeba, ulibebe wewe kwa muda unaoeleweka, naye apate kushusha pumzi kabla hajaitwa tena.