Wimbo unajulikana, mwimbaji hajulikani

Kijana mmoja aliyekimbia vita Masisi alisikia wimbo wake ukipigwa kwenye kibanda cha kuchajia simu, mtaani Ndosho, Goma. Mwenye kibanda aliuweka kwenye kadi ya memori ya kila mteja, bila kujua ni wa nani.

Kijana hakugombana naye. Alirudi studio, akataja jina lake na namba ya simu mwanzoni mwa wimbo, kisha akaigawa nakala hiyo bure, vibandani na redioni. Pesa ya mwimbaji inatoka harusini, na huko anaitwa anayejulikana.

Wimbo usio na jina ni kama mtoto aliyepotea wakati wa kukimbia: wote wanamwona, hakuna anayejua amrudishe kwa nani.