Ujira Kabla Jua Halijatua

Likizo hii wanafunzi wa kidato cha nne walikuja kujifunza cherehani kwetu hapa Bagamoyo. Tukiwa kwenye gauni la bi harusi, mmoja akauliza: "Anti, Mayahudi nao wana sheria za mavazi?"

Tukawaambia wanazo. Wapo hata Uganda, karibu na Mbale: Abayudaya, walioanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Wana madhehebu pia. Waothodoksi hushika sheria kwa ukali, Warifomu hulegeza, Wakonsavati wako katikati. Mke wa Kiothodoksi hufunika nywele. Nguo iliyochanganya sufu na kitani haivaliwi.

"Kumbe fundi wao lazima ajue vitambaa!" wakacheka.

Tukaongeza kuwa Taurati inakataza kulaza ujira wa kibarua hadi asubuhi. Hapo tukanyamaza. Mtume wetu (s.a.w.) naye ametuusia tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na binti aliyetutilia shanga kwenye shela alikuwa akitudai wiki ya pili.

Kabla ya adhana ya Magharibi tulimpelekea pesa zake, tukamwomba radhi.

Bi harusi mpenzi, ukija kuchukua gauni lako, tuulize: waliolishona wameshalipwa?